UZI: Kulea vifaranga wa tausi kwa mkono nyumbani, tangu yai hadi walale mtini

Mama Vishungi (Usa River) – mwanzisha uzi

Habari za jioni wakuu. Tangu niweke picha za vifaranga wangu kule kwenye uzi wa bata mzinga nimeulizwa mengi faragha, kwa hiyo nimeona niyalete hapa tufaidike wote.

Nazungumzia tausi wa bluu, yule mwenye asili ya India. Ndiye huyu anayefugwa kwetu, ndiye wa Ikulu, na ndio hao Rais Magufuli aliowagawia marais wastaafu kule Chamwino mwaka 2020.

Swali kubwa: je, anaweza kulelewa ndani akazoea watu? Ndiyo. Tausi aliyekulia mkononi anakuja ukimwita, anakula kiganjani, anapanda pajani na kusinzia. Nawapenda ndege hawa kuliko mfugo mwingine wowote niliowahi kuwa nao, na ndiyo maana nasema mapema, kabla mtu hajatoa hela yake: usilee mmoja peke yake. Wawili ndio mwanzo, watatu ni bora zaidi. Kifaranga aliye peke yake analia mchana kutwa hata kama ameshiba na ana joto. Siku akinyamaza, ujue ameshakuchukua wewe kuwa mama, ndugu na mchumba wake. Ubaya wa hilo hauonekani leo, unaonekana akikomaa, hasa akiwa dume. Nitalirudia.

Nianze na mayai. Yanachukua siku 28. Kwenye mashine weka joto la nyuzi 37.5 na unyevu wa wastani, kisha siku tatu za mwisho ongeza unyevu na uache kugeuza. Wengine wanaweka chini ya kuku. Kuku anaweza, lakini mayai ya tausi ni makubwa na mazito, asipewe zaidi ya matano au sita, na mengine hana nguvu ya kuyageuza vizuri, kwa hiyo geuza mwenyewe anapotoka kula. Tena kuku amezoea siku 21. Wapo wanaochoka na kuinuka kiota kikiwa kimebakiza wiki. Bata mzinga anafaa zaidi kwa kuatamia kwa sababu mayai yake naye ni siku 28.

Kifaranga akitoka, mwache akauke humohumo kwenye mashine. Kiini cha yai alichokimeza tumboni kinamtosha siku mbili, usimkimbizie chakula.

Bruda yake, yaani kisanduku cha kulelea chenye taa ya joto, iwe na nyuzi 35 wiki ya kwanza, halafu unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki. Mbinu ya vipimajoto ni nzuri, lakini waangalie wenyewe: wakijibana chini ya taa wana baridi, wakikaa pembeni na midomo wazi wana joto kali, wakitawanyika wakala na kulala ovyo, umepatia. Sisi wa huku mlimani mwezi wa sita na wa saba tunajua maana ya baridi. Umeme ukikatika, madumu ya maji ya moto yaliyofungwa kwenye khanga yanavusha usiku. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hapana kabisa, ile hewa yake inaua vifaranga na inaweza kuua na wewe.

Chini msiweke gazeti. Linateleza, miguu inapanuka kila upande na kifaranga hasimami tena. Wiki ya kwanza tandika taulo kuukuu au mkeka wa mpira wenye mikwaruzo. Maranda yaje baadaye wakishajua chakula ni kipi, maana kabla ya hapo wanayameza.

Na bruda iwe na kifuniko cha wavu. Tausi anaanguliwa tayari ana manyoya ya mabawa, wiki mbili hazipiti anaruka. Porini umri huo mama yake anampandisha mtini kulala. Kwa hiyo wawekee kijiti cha kutulia mapema, wanakipenda sana.

Chakula nitakileta kwenye bandiko linalofuata, maana hapo ndipo wengi wanapopoteza vifaranga.

Kijana wa Mbezi

Asante mama kwa uzi. Mimi nimepanga vyumba viwili na uani kuna nafasi kidogo. Naweza kuwaweka ndani hadi wakubwa?

Mama Vishungi

Mwanangu, ndani ni kwa miezi michache tu. Dume aliyekomaa, tangu mdomo hadi ncha ya mkia, anapita mita 2. Akitandaza ule mkia anahitaji nafasi ya kugeuka bila kugusa ukuta. Banda la jozi moja lisipungue mita 3 upana, lenye paa juu na kitulio kirefu kwenda juu ili mkia usiburuze kwenye kinyesi. Na kinyesi chenyewe ni kingi, hawafundishiki kwenda sehemu moja. Tena anaishi miaka 15 hadi 20. Ukiwa umepanga, kwanza zungumza na mwenye nyumba na majirani, kisha ndiyo ununue mayai. Nakuambia kwa upendo.

Sasa chakula. Kuku mama anadonoa chini na kuita, vifaranga wanadonoa alipodonoa. Tausi jike hafanyi hivyo. Anashika mdudu kwa mdomo, anauinamisha kwa kifaranga, naye anachukua kutoka mdomoni mwa mama. Yaani kifaranga wa tausi anazaliwa akitazama juu kutafuta chakula. Ukimmwagia kwenye sahani ya chini na kuondoka, anaweza kufa njaa amesimama juu ya chakula chake. Ndiyo maana watu wanasema vifaranga wa tausi ni wajinga. Si wajinga, wanasubiri mdomo wa mama.

Mdomo huo uwe vidole vyako au kibano. Shika kipande kidogo cha yai la kuchemsha, kiwe juu kidogo ya macho yake, kitikisetikise. Akikidonoa, cha pili kishushe kidogo, cha tatu kishushe zaidi, hadi vidole vyako viwe ndani ya sahani. Rudia mara nyingi kwa siku, kidogokidogo. Ukiwa na watatu, mmoja akishaelewa wenzake wanamuiga, nayo ni faida nyingine ya kutomlea mmoja peke yake. Mchicha uliokatwa vipande vyembamba unawavutia, kijani kinawaita. Kwenye maji weka gololi: zinang'aa, wanazidonoa, wanagundua maji, na hawazami.

Chakula cha vifaranga wa kuku wa kawaida kina protini ndogo kwao. Tafuta kile cha vifaranga wa bata mzinga chenye protini karibu asilimia 28. Kama hakipatikani, ongezea cha kuku kwa yai la kuchemsha, kumbikumbi au mchwa, funza wa kufugwa, au dagaa waliosagwa. Dagaa wasiwe wa chumvi.

Na kwa sisi wenye miparachichi uani: parachichi ni sumu kwa ndege. Maganda, kokwa na majani yasiwafikie.

Bwana Mifugo Mstaafu

Nimefurahi kusoma. Naomba niongezee kuhusu ugonjwa unaomaliza tausi wachanga kuliko mwingine, maana dalili zake watu wanazichanganya na kideri.

Kuna kijidudu kinaitwa histomonasi. Kinasafiri ndani ya mayai ya minyoo midogo ya utumbo mpofu wa kuku. Kuku anaweza kuwa nao maisha yake yote na usione chochote. Anadondosha kinyesi, mayai ya minyoo yanakaa ardhini miaka na miaka, nyungunyungu naye anayameza na kuyahifadhi. Kifaranga wa tausi akidonoa pale, kijidudu kinaingia kwenye utumbo mpofu na kupanda hadi kwenye ini. Utamwona anasinzia, mabawa yameshuka, hataki kula, na kinyesi kina rangi ya njano ya kiberiti. Ukiona njano hiyo usisubiri kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa ileile. Dawa zipo, lakini kipimo kinategemea uzito wa ndege, msikisie wenyewe kwa kuambizana mtandaoni.

Kinga yake ni rahisi kuliko tiba. Tausi wasishiriki ardhi na kuku wala bata mzinga. Waleeni juu ya kichanja cha wavu kinyesi kipite chini, na wapewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari. Kuhara damu nako kunawapata wiki za mwanzo, hasa maranda yakiloa. Kideri chanjeni kama mnavyochanja kuku.

Mkulima wa Handeni

Kwa heshima mzee wangu, huku kwetu tausi wa jirani wameanguliwa na kuku wa kienyeji na wamekua wanatembea naye shambani hadi leo. Hakuna kichanja wala kibano. Naona haya ya mkononi ni kuwadekeza tu. Kuku anajua kulea kuliko sisi.

Bwana Mifugo Mstaafu

Sikatai ndugu yangu, wapo wanaopona. Ardhi ambayo haijawahi kufugwa kuku wengi inaweza kuwa safi na bahati hiyo ikadumu. Lakini ni bahati ya ardhi, si kinga. Siku minyoo ikiingia, kundi zima la vifaranga linaondoka na mama kuku anabaki mzima anaendelea kuchakura.

Mama Vishungi

Ndugu wa Handeni, naheshimu ushahidi wako. Niongeze moja: kuku anawaachisha vifaranga mapema, wiki sita hivi anaanza kuwafukuza arudi kutaga. Tausi jike anakaa na wanawe miezi, na hao wachanga bado wanatafuta joto usiku wakati kuku ameshawachoka. Anayetumia kuku awe tayari kuchukua nafasi hiyo.

Wa Likoni

Salaam kutoka Pwani ya Kenya. Je, kibali? Wakati ule wa kware, 2013 na 2014, watu huku walinunua kwanza halafu wakaambiwa wanahitaji leseni ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Sitaki kurudia hayo.

Mama Vishungi

Umeuliza la msingi kaka. Kwa Kenya nenda ofisi ya KWS iliyo karibu nawe uulize kabla ya kununua hata yai. Kwa Tanzania ulizia TAWA, mamlaka ya wanyamapori, au ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Nenda mwenyewe, pata jibu la maandishi, na muuzaji akuonyeshe karatasi zake. Asiye na karatasi muache na ndege wake. Tausi wa wizi wapo, na anayekutwa naye ndiye anayesimama mbele ya hakimu.

Wa Likoni

Shukran sana. Na kelele zake zikoje hasa? Mama mkwe wangu anaishi nasi na usingizi wake ni mwepesi.

Mama Vishungi

Sauti ya dume msimu wa kupandana inasikika mbali sana, na anaita hata usiku wa manane akishtushwa na gari au radi. Kifaranga analia tu kwa sauti nyembamba, kwa hiyo mwaka wa kwanza mtadhani mmenusurika. Zungumza na mama mkwe sasa. Majike peke yao wanapiga kelele chache zaidi, hilo ni jambo la kufikiria kwa nyumba yenu.

Mtoto wa Kisangani

Bonjour wapendwa. Mnasema asili ya India, lakini msisahau sisi wa Congo tuna tausi wetu wa msituni. Mtaalamu wa ndege Mmarekani, James Chapin, aliona unyoya wake kwenye kofia ya mwenyeji huko Ituri mwaka 1913, akashindwa kuujua ni wa ndege gani. Mwaka 1936, kwenye makumbusho ya Tervuren huko Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa, wameandikwa kwamba ni tausi wachanga wa India. Manyoya yakafanana na ule wa Ituri. Wazee wetu walikuwa wanamjua siku zote. Je, na huyo anaweza kulelewa nyumbani?

Mama Vishungi

Nimefurahi mno kuona umemtaja. Huyo hapana, ndugu yangu. Ni wa msitu mnene wa kwenu tu, hayupo porini mahali pengine duniani, na wanazidi kupungua kwa mitego na kwa kukatwa misitu. Anayekuletea kifaranga wake amemtoa msituni. Tumwache kwenye misitu ya Salonga na Ituri azae huko. Ukipata picha zake tuwekee, nitafurahi kuziona.

Queen wa Njiro

Mama Vishungi naomba nipingane nawe kidogo. Mimi nina mmoja tu, nimemlea tangu yuko kwenye ganda. Analala kwenye mto wangu, akinikosa anazunguka nyumba nzima kunitafuta. Sijawahi kuona mnyama mwenye mapenzi hivi. Wakiwa watatu si watapendana wenyewe kwa wenyewe na kunisahau mimi?

Mama Vishungi

Dada, nakuelewa kabisa, na kifaranga wako amependwa, hilo linaonekana. Naomba unisikilize kwa utulivu.

Ndege wa aina hii, siku za mwanzo kabisa, anajifunza jamii yake ni ipi. Anachokiona kikitembea, kikimpa chakula na joto, ndicho anachokiandika kichwani kuwa ndiyo jamii yake. Na hakifutiki kirahisi. Mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, Konrad Lorenz, alieleza kisa cha tausi wa bustani ya wanyama ya Schönbrunn, Vienna. Kifaranga yule alibaki peke yake baada ya wenzake kufa kwa baridi, wakamhamishia kwenye chumba chenye joto kuliko vyote, chumba cha kobe wakubwa. Akakua humo. Maisha yake yote alitandaza mkia kwa kobe, na majike wa tausi waliokuwa mbele yake hakuwatazama.

Sasa fikiria kobe huyo ni wewe. Jike aliyelelewa hivyo ana nafuu, anakuwa mng'ang'anizi tu na pengine anakataa madume. Dume ndiye mwenye hatari. Mwaka wa kwanza na wa pili ni raha tupu. Wa tatu mkia unakamilika, damu inachemka, na anawatazama watu wa nyumbani kama wapinzani wa eneo lake au kama majike. Anarukia mgongo, anapiga kwa vipi vya miguuni, na usawa wa vipi hivyo ni uso wa mtoto. Gari lenye rangi ya kung'aa analishambulia kwa sababu anaona dume mwenzake ndani yake. Kisha watu wanasema tausi huyu amekuwa mkorofi, wanamchinja au wanamfungia. Hakuwa mkorofi. Alilelewa aamini kwamba yeye ni mtu.

Watatu waliolelewa pamoja mkononi wanakuzoea vilevile. Wangu wanakimbilia sauti yangu asubuhi, wanachukua mchwa kiganjani mwangu, dume mkubwa anasimama nikimpapasa kifua. Tofauti ni kwamba akitandaza mkia anawageukia wenzake.

Wako bado ana umri gani? Kama hajafika miezi miwili, tafuta mwenzake sasa hivi, hata wawili. Watenge kwanza kwa wavu waonane bila kugusana wiki kadhaa, ili pia ujue mgeni hana ugonjwa. Kwenye mto ahame, apate kitulio chake. Kupanda begani na kichwani kuachishwe leo: akiruka begani mshushe polepole bila kumcheka wala kumpa kitu. Na vua hereni ukiwa naye. Wanadonoa kinachong'aa, na jicho la mtu linang'aa.

Queen wa Njiro

Ana wiki tano. Nimesoma mara mbili. Naanza kumtafutia mwenzake kesho.

Mama Vishungi

Wiki tano bado ni mapema sana, una nafasi nzuri. Nitumie ujumbe faragha nikuelekeze kwa mfugaji mwenye karatasi.

Baba Wawili

Wangu mmoja vidole vya mguu vimejikunja ndani kama ngumi, anatembea kwa pembeni ya mguu. Anakula vizuri. Ana siku sita. Nini hiki?

Bwana Mifugo Mstaafu

Mara nyingi ni upungufu wa vitamini B2, ama kwenye chakula cha mama aliyetaga au chako. Joto lisilo sawa kwenye mashine nalo linaweza kuleta. Siku sita bado mifupa ni laini. Kata karatasi ngumu kwa umbo la mguu, nyoosha vidole juu yake, funga kwa plasta laini isiyobana, ibadilishe kila siku. Vitamini za B za kuchanganya kwenye maji zipo duka la dawa za mifugo. Kwa kawaida unaona mabadiliko ndani ya siku chache. Usipoyaona, daktari amtazame kiungo cha goti, huenda kano imeteleza.

Baba Wawili

Ahsante mzee. Naenda dukani sasa.

Kijana wa Mbezi

Nimezungumza na mwenye nyumba, amekataa. Kaka yangu Kibaha ana eneo la ekari moja, amekubali. Nitaleta vifaranga kwake wakishafika miezi mitatu. Nikiwafungulia si watapotea? Na nitajuaje dume ni yupi?

Mama Vishungi

Afadhali Kibaha. Usiwafungulie siku ya kwanza. Wafungie kwenye banda lenye wavu wanaloona eneo lote kupitia hapo, angalau wiki sita, wajue hapa ndipo chakula kinapotoka na hapa ndipo pa kulala. Kisha fungulia mmoja wakati wenzake wako ndani. Hataenda mbali na wenzake. Baada ya siku chache badilisha. Fungulia jioni kabla hawajala, waite kwa sauti ileile uliyotumia wakiwa wadogo, wafuate chakula ndani. Kaka yako naye awalishe mkononi wiki za mwanzo, wamjue.

Wakishazoea watachagua mti mkubwa. Waache walale huko kama hakuna vicheche na mbwa wa mtaani, la sivyo warudi bandani kila jioni. Bustani ya mchicha na nyanya aizungushie wavu mapema, wataimaliza. Misumari na vipande vya waya vya ujenzi viokotwe vyote, wanavimeza na vinatoboa tumbo.

Kuhusu dume: kishungi wanacho wote, usikitumie. Kuanzia miezi mitatu tazama mabawa. Dume ana manyoya ya nje ya bawa yenye rangi ya kahawia ya kutu na mgongo wenye mistarimistari, jike ni wa kahawia iliyotulia. Miezi sita hivi shingo ya dume inakuwa bluu tupu, ya jike inang'aa kijani. Mkia mrefu usiutegemee kabla ya mwaka wa tatu, na kila mwaka baada ya msimu wa kupandana unanyonyoka wote kisha unaota upya, usiogope ukikuta manyoya yametapakaa chini.

Mkishajenga banda leta vipimo hapa tuvitazame kabla hamjapiga bati. Picha za langu nitapandisha kesho mchana, sasa hivi giza limeingia na wameshapanda.